Si Kila Kindege cha Manjano ni Chiriku

Wasee, naanza na kosa langu. Juzi niliposti video ya vile vindege vya manjano vilivyojaa kwenye mnazi wa nyuma ya ploti yetu hapa Ziwa la Ng'ombe, nikaandika juu: "Chiriku wa mtaa." Nyanya alipoiona alicheka mpaka leso ikamteleza. "Mjukuu wangu, huyo mnana. Chiriku lini alijua kufuma nyumba?"

Walahi nilinyamaza. Miaka yote hii chiriku kwangu lilikuwa tusi tu. Mtu akizidisha domo, "chiriku wewe." Kumbe chiriku ni ndege kweli: mdogo, kifua cha manjano, ana mstari mweusi pembeni mwa mdomo kama masharubu, anakula mbegu za nyasi na sauti anayo. Kiota chake ni kama kikombe kidogo kwenye tagaa.

Mnana ni habari nyingine. Dume anawaka manjano, kichwa kama chungwa bivu. Anachana kuti uzi kwa uzi mpaka libaki chelewa tupu, anafuma kiota cha kuning'inia, mlango chini. Akimaliza anajibembeza hapo akipiga mabawa kumwita jike. Jike akikagua akikataa, jamaa aanza upya. (Hata ndege, Mombasa hii, bila nyumba huoi.)

Sasa mwenye ploti ataka kuukata ule mnazi. Ati kelele, ati wanachafua nguo kwenye kamba. Wapangaji wengi wamekubali, na sababu yao ni moja: "Si ni vindege tu." Hapo ndipo naumia. Paka wa mama wa viazi karai ana jina, na hakuna anayethubutu kumgusa. Kitu kikiitwa "vindege tu" kukikata ni rahisi.

Niliweka picha kwenye programu ya simu, ikanijibu kwa sekunde: Golden Palm Weaver. Sawa, asante. Lakini jina la kwetu sikulipata kwa simu, nililipata kwa mwanamke wa miaka 81 ambaye macho yameanza kumsumbua. Yeye akiondoka, nitamuuliza nani?

Na tusipoita sisi, wataita wengine. Kilifi hapo kuna ndege wa jamii ya mnana, manjano na nyeusi, ambaye haishi popote duniani ila kaunti hiyo, Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Mwaka 1913 Mwingereza Stephenson Clarke alimpa jina la kisayansi kutokana na nduguye, Goland. Mpaka leo vitabuni ni ndege wa Clarke. Kiota chake wanasayansi walikiona mara ya kwanza 2013, miaka 100 baadaye. Mimi sikubali kwamba miaka hiyo yote hakuna mtoto wa Dakatcha aliyewahi kukiona akichunga mbuzi. Nani alimuuliza?

Hata chiriku vitabuni yuko ukoo wa "canary", jina lililotoka kwa visiwa, na visiwa vyenyewe viliitwa hivyo kwa sababu ya mbwa. Siwacheki sana, manake nami nakaa Ziwa la Ng'ombe na sijaona ziwa wala ng'ombe.

Najua kuna mtu ataniambia, bro, watu hawana unga nawe waongelea ndege. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa ajili ya karo, unga naujua. Lakini kusema "mnana" hakuniongezei deni dukani.

Fundi wa msumeno aja Jumamosi. Nimemwambia nyanya abebe kiti chake akae pale chini ya mnazi, mimi nitashika kamera, na mwenye ploti akija amueleze yeye kwanza anakata nyumba ya nani. Nanyi ulizeni nyumbani kwenu: Kigiriama, Kidigo, Kitaita, huyu mnana mwamwitaje? Niandikieni kabla ya Jumamosi.