Staa, Hiyo Skrini ya Samaki Umelipwa Shilingi Ngapi?

Wadau, leo hatuna habari ya nani kamuacha nani. Leo tuna staa mmoja, jina kapuni, anayewauzia vijana wa Upareni skrini ya kutafutia samaki kama vile anauza maji ya upako.

Mnamjua. Ni yule wa miwani nyeusi hata usiku. Juzi kati alishuka na msafara wake hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, akapanda boti, akarusha video ya dakika moja na ushee. Kakaa mbele ya skrini ya inchi 12, samaki wa katuni wanapita, yeye anachonga. Kasema mambo matatu: mashine hiyo inavuta samaki, inaona mpaka mita 700 chini, na bila hiyo wewe unaenda majini kupunga upepo tu. Chini kaweka namba ya simu, ofa mwisho Ijumaa. Hakuna sehemu aliyoandika kwamba kalipwa.

Mtaniuliza linanihusu nini, staa kula hela ya tangazo si ndio kazi yake? Linanihusu kwa sababu kuna vijana Kileo, pale Mwanga kwenye tambarare chini ya milima ya Upare, wanachanga kila mwezi wanunue boti ndogo. Mpango wao ni mzuri tu: wikendi wavue kwa raha zao, na mgeni akitokea Moshi au Arusha wamtembeze, wapate chochote. Baada ya ile video, grupu lao limewaka moto. Nimeonyeshwa bajeti mpya. Mstari wa kwanza ni skrini ya staa. Injini imeshushwa, watatafuta ya mtumba. Jaketi okozi hazipo kwenye karatasi kabisa.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Tuanze na hilo la kuvuta samaki. Hakuna kifaa cha aina hiyo kinachovuta samaki, iwe cha bei ya kuku au cha bei ya kiwanja. Kinachofanya ni kitu kimoja: kichwa chake kinachokaa majini kinatuma mlio, mlio unashuka, ukigonga kitu unarudi. Sauti majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kifaa kinapima muda wa kwenda na kurudi, kinakupa kina cha maji. Ukipita juu ya samaki, mwangwi mwingi unatoka kwenye kibofu chake cha hewa. Basi. Furuno wa Japan walianza kuuza mashine ya namna hiyo kwa wavuvi mwaka 1948, na huko Marekani Lowrance wakaanza kuwauzia wavuvi wa starehe mwishoni mwa miaka ya 1950. Tangu wakati huo skrini zimekuwa nzuri kweli, rangi zimeongezeka, ila kazi ni ile ile: kupiga mlio na kusikiliza. Kuvuta samaki ni kazi ya chambo.

Na wale samaki wa katuni? Hiyo ndiyo sehemu tamu ya usanii wote. Vifaa vingi vina sehemu ya kuwasha alama za samaki. Ukiiwasha, kompyuta inachukua mwangwi unaoelea katikati ya maji inaubandika picha ya samaki. Unaweza kuwa samaki kweli. Unaweza pia kuwa gugu, tawi la mti au mapovu ya hewa. Wanaojua wanaizima hiyo sehemu, wanasoma mwangwi wenyewe: samaki akipita chini ya boti mara nyingi huchora kiupinde, mti uliozama huchora mchoro wake, tope laini linaonekana tofauti na mwamba. Staa wetu alikuwa anawahesabia mafans wake magugu.

Sasa mita 700. Hii namba inawapagawisha watu. Inasikika kubwa, na kwenye maboksi ndiyo huandikwa kwa herufi nene. Lakini Kileo unakaa kati ya maji gani? Upande wa mashariki, nyuma ya milima, kuna Ziwa Jipe, mpakani na Kenya, ziwa ambalo kina chake hakifiki hata urefu wa nyumba ya ghorofa mbili na limezungukwa na matete. Mto Ruvu unatoka huko Jipe (sio Ruvu ya Pwani, wadau, msichanganye) unateremka tambarare kuingia Nyumba ya Mungu, ambako unakutana na maji ya Kikuletwa. Bwawa lenyewe lilikamilika miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji. Karibu na ukuta kuna kina cha maana, ila sehemu kubwa ya bwawa ni maji ya mita chache tu, na yanapanda na kushuka kutegemea mvua na maji yanayofunguliwa.

Mita 700 mtazitumia wapi? Labda mkipeleka boti Ziwa Tanganyika, ambalo linafika mita 1,470, au mkienda Mkondo wa Pemba ambako watu wanafukuzia jodari. Hata Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, kina chake cha mwisho ni kama mita 80. Kununua mita 700 kwa ajili ya bwawa la Mwanga ni sawa na kununua lori la tani 30 kwenda nalo gengeni kuchukua nyanya.

Tena kuna hesabu ambayo muuzaji hatakuambia. Mlio unatoka kama tochi: unaanza mwembamba juu, unatanuka ukishuka. Kwenye vichwa vingi, ule mlio mkali wa kilohezi 200 una upana wa kama digrii 20. Maana yake chini yako unaona duara lenye upana wa kama theluthi moja ya kina. Maji yakiwa mita 6, unaona duara la mita 2. Maji yakiwa mita 3, duara la mita 1. Mita moja, wadau! Upana wa meza ya chipsi. Na wakati huo injini yako imeshapiga kelele juu ya kichwa cha perege, perege keshasepa. Ukuongezewa inchi za skrini, hilo duara halikui hata kidogo. Unaona meza ile ile ya chipsi, ila kwa ukubwa wa televisheni.

Zipo mashine zinazotazama mbele na pembeni ya boti na kuonyesha samaki laivu anavyotembea. Garmin walileta LiveScope mwaka 2018, na hizo ni kali kweli, sibishi. Ni kali kiasi kwamba kuna ligi ya uvuvi Marekani imezipiga marufuku kwenye mashindano yake. Lakini seti nzima inazidi dola 1,000 hata huko kwao, inataka betri za maana na mtu aliyejifunza kuisoma. Kijana wa Kileo anayeanza na boti ya futi 14 hana haja nayo leo.

Twende kwenye samaki wenyewe. Nyumba ya Mungu wanaovuliwa sana ni perege na kambare. Kambare analala chini kabisa, tumbo kwenye tope. Mwangwi wake na mwangwi wa tope vinashikana, kumtenganisha kwenye skrini ni kazi hata kwa mzoefu. Perege naye anapenda ukingoni, kwenye magugu, maji ambayo boti yenyewe inaingia kwa kujipinda. Yaani samaki wenu wawili wakubwa, mmoja amejificha chini ya uwezo wa skrini, mwingine yuko pembeni yake.

Sasa nirudi kwenye video, maana niliitazama mara nyingi kuliko inavyostahili. Sekunde ya 41 staa ananyanyua perege mkubwa, anapiga kelele. Simamisha hapo, kuza picha. Nyuma ya mashavu ya yule samaki kuna alama ya mstari kuzunguka mwili. Hiyo ni alama ya nyavu. Samaki wa ndoano anaumia mdomoni, hapati mkanda wa nyavu shingoni. Huyo perege alinunuliwa mwaloni asubuhi, ndugu zangu.

Na sekunde ya 52, kamera inapoyumba, anaonekana mzee mmoja nyuma ya boti ameshika kasia. Sekunde mbili tu halafu wamemkata. Hajatajwa, hajashukuriwa, hata jina lake halijaandikwa. Yule mzee ndiye aliyejua mdomo wa mto uko wapi, visiki viko wapi, upepo wa mchana unaanza saa ngapi, na sehemu zipi mamba wanapenda kujianika. Kwenye ile boti kulikuwa na kitafuta samaki kimoja kinachofanya kazi, na kilikuwa kimeshika kasia. Skrini wameipa dakika nzima.

Najua wapambe mko njiani. "Wivu tu." "Mwache mwenzio apate mkate." "Kwa hiyo unataka vijana waishi kizamani?" Hapana. Mimi sipingi kifaa. Kwa boti ya starehe kifaa kizuri kinasaidia sana, tena Nyumba ya Mungu kuliko mnavyodhani, kwa sababu maji yakishuka, mahali ulipopita mwezi jana leo unapanda juu ya tope. Kujua kina kila dakika kunaokoa panga la injini. Ninachopinga ni kuchagua kwa kuangalia sura ya staa. Kifaa kinachaguliwa na maji unayovua.

Kwa maji yenu, vijana wa Kileo, skrini ya inchi 4 au 5 inatosha kabisa. Ziko za kawaida za Garmin, Lowrance au Humminbird ambazo nje ya nchi zinauzwa chini ya dola 200, mkiongeza usafiri na kodi bado hamjafika hata nusu ya ofa ya Ijumaa. Kama boti ni ya kukodi, au mnatumia mtumbwi, zipo ndogo kama mpira wa tenisi, mfano zile za Deeper: unaifunga kwenye mshipi, unairusha, inatuma picha kwenye simu. Huhitaji kutoboa boti ya mtu.

Hakikisheni ina GPS. Kwenye maji mafupi hicho ndicho kitu cha kulipia. Mkipata sehemu nzuri mnaiweka alama, na giza likiwakuta mnafuata njia ile ile mliyojia. Msidanganywe na ramani zilizomo ndani. Nyingi ni za maziwa ya Marekani na Ulaya. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji awashe kifaa awaonyeshe Nyumba ya Mungu yenye kina cha maji. Akianza kusema "itasasishwa", fungeni pochi. Bora kile kinachowaruhusu kuchora ramani yenu wenyewe mnavyozunguka.

Angalieni pia jua. Skrini inayong'aa dukani inaweza kuwa kioo cha kujitazamia saa saba mchana kule bwawani. Itoeni nje kwanza. Betri ni ya volti 12, ulizeni itakaa saa ngapi. Na risiti yenye waranti, jamani. Wapare mnataniwa nchi nzima kwa kuhesabu hela mara tatu, leo ndio siku ya kuhesabu mara ya nne.

Chenji itakayobaki ina kazi tatu. Kwanza jaketi okozi, moja kwa kila kichwa kitakachopanda, na mgeni asipovaa boti haiondoki. Hakuna skrini duniani inayomrudisha mtu aliyezama. Pili leseni na ukaguzi wa chombo, maana bwawa lile lina masharti yake ya uvuvi na limewahi kufungwa samaki wazaliane. Tatu, mzee wa kasia. Mlipeni siku yake, mkae naye, mjifunze. Kwa bei ya ile skrini mtatoka naye miezi.

Na wewe staa, najua utasoma, huwa unasoma kila kinachokuhusu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya nchi hii inakataza kumpotosha mteja, na "inavuta samaki" ni upotoshaji mweupe. Hatukukatazi kula. Andika neno moja tu juu ya video, "tangazo", futa hayo maneno ya kuvuta samaki, na mtaje yule mzee kwa jina lake. Watoto wa watu wanachanga elfu kumi kumi wakikuamini. Hela yako ya picha moja ni mwaka mzima wa mchango wao.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama na wewe uliwahi kununua kitu kwa sababu staa fulani alikishika, andika hapo chini ulinunua nini na kiko wapi leo. Majina tuyaache kapuni.