Mtoto Mwenye Njaa Si Mtundu

Ndugu wafanyakazi,

Mtoto akisinzia darasani, akilia ovyo au kupigana na wenzake, huitwa mtundu, kisha huadhibiwa. Sisi twauliza kwanza: amekula nini? Njaa haikai tumboni tu. Hupanda kichwani ikaleta hofu, hasira na huzuni. Adhabu haishibishi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya lishe. Mjini Nairobi, mpango wa kaunti ulioanza 2023 ulimtaka mzazi alipe shilingi 5 tu kwa chakula cha mchana shuleni. Basi jambo lawezekana.

Kila tawi lidai chakula hicho katika kaunti yake. Nasi tukikutana na waajiri, tudai mshahara utakaotosha chakula cha jioni pia.