NASAHA ZA NYUMBANI: Baridi Yasingiziwa



Ni desturi ya mwanadamu, aonapo mambo mawili yakienda pamoja, kulifanya moja kuwa ndilo sababu ya lingine. Desturi hii ikiingia katika ufundi hupoteza fedha. Ikiingia nyumbani hupoteza watu. Mwezi huu twaeleza habari yenye hatari zote mbili, iliyotokea hapa Simbo.

Mama mmoja ana mwana afanyaye kazi Maskati, naye huzungumza naye kila siku baada ya sala ya alfajiri kwa njia ya intaneti. Mawimbi hupokelewa na kifaa kilichofungwa juu ya mlingoti nje ya nyumba, nacho hupata umeme katika betri ijazwayo kwa sola. Ulipoingia mwezi wa Juni, kifaa kikawa chafa usiku na kufufuka kiasi cha saa mbili asubuhi. Baadhi ya watu walisema, "Ni baridi." Wengine wakasema neno zito zaidi, kuwa kijana yatima alelewaye humo huchomoa waya usiku ili ajaze simu yake. Shauri likafikia kutaka kumrudisha Ujiji kwa jamaa zake. Ndipo tulipoombwa kuingia kati.

Tuanze na mshitakiwa wa kwanza, yaani baridi. Ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai hupoa, lakini huku hakugandi umande kama kule Makete. Na vifaa vya nje hutengenezwa vistahimili hata baridi iliyo chini ya sifuri, navyo hutumika katika nchi za theluji.

Msomaji atauliza: mbona jua likipanda kifaa hupona? Jibu ni kuwa jua huleta vitu viwili kwa pamoja, joto na umeme wa sola. Kuvitenganisha si kazi kubwa. Alfajiri, kifaa kingali kimekufa na baridi ingalipo, pasiguswe kitu ila betri. Iwekwe nyingine iliyojaa. Kikiwaka, baridi haina kosa. Kisipowaka, ndipo zitazamwe nyaya na viungo vyake.

Tulifanya hivyo pamoja na fundi, na kifaa kikawaka papo hapo. Mita yake ilionyesha kuwa betri ya zamani ina volti 11.4, hali betri ya namna ile iliyojaa na kutulia huwa na kiasi cha 12.7. Na usiku huo kijana alilala kwetu madrasani, na kifaa kikafa vile vile.

Hesabu yake ni nyepesi. Kifaa kile hula wati 10. Tangu magharibi hata saa mbili asubuhi ni saa 13, basi hula wati-saa 130. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 240 ikiwa mpya. Uzee ukiila nusu, husalia 120. Itafikaje asubuhi? Baridi nayo huipunguzia betri nguvu kidogo, lakini huo ni mzigo mdogo juu ya mgongo uliokwisha kuchoka. Dawa ya kwanza haina gharama: kifaa kizimwe saa nne usiku na kuwashwa saa kumi na moja alfajiri. Hapo huokolewa wati-saa 70. Betri mpya itanunuliwa Mungu akijaalia.

Ama kwa nyumba ambazo betri ni nzima, watazame unyevu. Hewa ya ndani ya kisanduku ikipoa hujikunja na kuvuta hewa ya nje yenye unyevu, na maji hujikusanya juu ya viungo, shaba ikaota kutu ya kijani. Tena chuma kikipoa hunywea, na kiungo kilicholegea huachana. Basi kutu isuguliwe, viungo vikazwe, na waya upindwe kushuka chini kabla ya kuingia kisandukuni, ili maji yadondoke nje.

Lakini kutu ya moyoni ni mbaya zaidi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6 na ya 12, Mwenyezi Mungu ametuamuru tuhakikishe habari, na ametuonya tujiepushe na dhana nyingi. Betri huuzwa dukani. Heshima ya yatima haiuzwi popote. Mama yule, Mungu amlipe kheri, alimwita kijana mbele ya wale wale waliosikia tuhuma, akamtaka radhi. Ndivyo ipasavyo: lililosemwa hadharani halifutwi chumbani.

Basi, enyi wazazi, kabla ya kumtuhumu mtu, badilisheni jambo moja kwanza, mtazame. Mwenyezi Mungu atujaalie subira na uadilifu majumbani mwetu. Amin.