Majumba Yatengenezwa, Viumbe Wazikwa Ukutani

Bwana Mhariri,

Naomba uniwie radhi nikuandikiapo hali hasira haijanitoka.

Mkabala na nyumba yetu, hapa Mji Mkongwe, kuna jumba la kale la mawe ya matumbawe na boriti za mikoko ambalo sasa latengenezwa, nami ni katika waliofurahi yaliposimamishwa majukwaa ya mafundi, kwa kuwa mji huu, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umekuwa ukiporomoka nyumba baada ya nyumba mbele ya macho yetu. Walakini juzi asubuhi nilimwona fundi akiziba kwa saruji mianya yote iliyo chini ya roshani, na humo ndimo walimokuwa teleka, wale ndege wafananao na mbayuwayu, pamoja na makinda yao, katika viota vya manyoya na nyasi vilivyogandishwa kwa mate. Wakubwa wakimpigia kelele usoni, naye akiwapunga kwa mwiko kama afukuzaye nzi.

Nilimsihi angoje makinda waruke, akanijibu kwa adabu kwamba yeye ni mtu wa kutumwa. Nikaenda katika afisi mbili. Wanaoshughulika na majengo wakaniambia ndege si kazi yao, na wanaoshughulika na wanyama wakaniambia ukuta si kazi yao; karani mmoja akaniuliza, huku akicheka, kama nimekuja kuwasemea na popo pia. Naam, na popo pia, maana magharibi ile wale waliozoea kutoka darini hawakuonekana, na leo kichochoro kizima chanuka.

Popo hao wadogo hula wadudu, mbu wakiwamo, na jike aghalabu huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja, hata kundi likiangamia hurejea kwa taabu. Ingekuwa gharama gani kuukagua ukuta kwanza, kungoja makinda waruke, kisha kuziba usiku popo wote wakiwa wametoka? Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1981 huwalinda popo hata mahali walalapo, makanisa ya kale hutengenezwa kwa hadhari hiyo, wala hayajaanguka.

Msimamizi wa matengenezo hayo adai kinyesi cha popo huharibu jengo. Na saruji yake je? Wazee walijenga kwa chokaa, ambayo huuacha ukuta ukatoa unyevu wake. Saruji huyafungia maji ndani, na baada ya masika kadhaa lipu hubambuka na boriti zikaoza. Nani aliyeipa idhini?

Waheshimiwa wetu siwatazamii, kwani watakuja siku ya kukata utepe, watuhutubie juu ya urithi wa mababu hadi jua litue, hali kichochoro hiki hawajakitia mguu tangu walipopita kuomba kura. Nitakalo ni dogo: jumba la jirani yake nalo limekwisha kuletewa majukwaa, na darini mna popo, afisi yoyote katika hizo mbili na impeleke mtu akaangalie kabla mafundi hawajaanza Jumatatu.

Wako,
Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Unguja