Irabu moja yaweza kumtia mtu hatiani

Miongoni mwa majina yaliyoenea sana Embu na Mbeere ni Njeru na Njiru. Kwa asiyeijua lugha ya huko, majina haya yanapishana kwa irabu moja tu. Kwa Mwembu, yanapishana kama mchana na usiku, kwani la kwanza latokana na weupe na la pili latokana na weusi. Ukiendelea hadi Meru utamkuta Murithi, yaani mchungaji, ambaye kwingine huandikwa Muriithi au Mureithi. Kisha kuna majina ya wazee wa Kimeru yaanzayo kwa M na ritifaa, alama ile ile tuitiayo katika ng'ombe, ambayo makarani wengi huidondosha bila kujali.

Msomaji atauliza, haya yana uhusiano gani na faini za barabarani? Yanao, tena mkubwa.

Hivi majuzi mwalimu mmoja wa shule ya upili alinijia na karatasi ya kumwita kortini kujibu shtaka la kuendesha gari kwa kasi katika barabara ya Embu kwenda Meru. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa irabu isiyo yake, na katika nambari ya gari herufi C ilikuwa imekaa mahali pa G. Yeye ashikilia kwamba aliyepimwa kasi ni mwenye gari lililomtangulia, la aina na rangi moja na lake. Marafiki walikuwa wamempa mashauri mawili. Wa kwanza alimwambia, "Lipa uende zako, kesi ni gharama." Wa pili alimwambia, "Nyamaza kimya, kisha mbele ya hakimu uitoe karatasi hiyo, kesi itafutwa papo hapo." Alitaka kujua nami nasemaje. Kwa kuwa alikana mashtaka na kesi ingali mahakamani, sitaisemea. Nitayasemea mashauri hayo mawili, maana nayasikia kila mahali, na yote mawili yamepotoka.

Tuanze na hilo la pili. Wako wanaodhani kwamba kosa la karani ni hirizi ya kumwokoa mshtakiwa. La hasha! Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, katika kifungu cha 214, humruhusu hakimu kuamuru hati ya mashtaka irekebishwe wakati kesi ikiendelea, mradi mshtakiwa asomewe upya na kujibu upya. Kifungu cha 382 nacho chasema kwamba hukumu haitatenguliwa kwa sababu ya dosari tu, isipokuwa kama dosari hiyo imesababisha haki ipotee. Na hivyo ndivyo ipasavyo. Barabara ya Meru si mahali pa mzaha. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye Daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakaangamia. Sitamtetea mwendeshaji wa kasi ati kwa kuwa polisi alikosea tahajia.

Lakini ikiwa sheria haitaki kosa dogo limwokoe mkosaji, haitaki vilevile kosa hilo limfunge asiye na hatia. Swali la kuuliza ni hili: je, kosa lenyewe linagusa ukweli wa shtaka? Nani, gari gani, wapi, lini, kasi gani? Tazama tarakimu moja inavyoweza kufanya. Kanuni za makosa madogo ya trafiki zilizochapishwa mwaka wa 2016 ziliweka faini ya shilingi 500 kwa anayezidisha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa, na shilingi 10,000 kwa anayezidisha kwa kilomita 16 hadi 20. Dereva wa matatu, ambaye mwisho wake ni kilomita 80, akipimwa 88 na karani akaandika 98, shilingi 500 zimegeuka 10,000 kwa mkwaruzo wa kalamu. Waliobuni nambari za magari yetu waliijua hatari hii, ndiposa wakaziacha herufi I na O zisije zikachanganywa na 1 na 0.

Sasa nirejee kwa shauri la kwanza, la kulipa na kwenda zako. Hili ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa sababu ndilo wengi walifuatalo. Mashtaka aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, karani huyafasiri kwa Kiswahili upesi upesi, na mshtakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Naye, akiwa na haraka ya kurudi kazini, hujibu: "Ni kweli." Nini ni kweli? Kwamba alikuwa barabarani? Kwamba alisimamishwa? Au kwamba kila neno katika hati ile, pamoja na jina lisilo lake na gari lisilo lake, ni sahihi? Kwa mwanaisimu, maneno hayo mawili hayana maana kamili mpaka tujue yanajibu nini. Mbele ya sheria, yatosha kumtia mtu hatiani.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililitambua jambo hili mwaka wa 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ilipoagiza kwamba shtaka na maelezo yake yote yafafanuliwe kwa lugha ya mama ya mshtakiwa au lugha nyingine aielewayo kabla ya kukubaliwa kuwa amekiri. Katiba ya 2010, ibara ya 50, nayo yampa kila mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha kulijibu, na haki ya mkalimani bila malipo. Haki hizo ni zetu, lakini hazitumiki zenyewe. Mtu husimama akaziomba.

Basi walimu wenzangu, tunapofundisha tahajia na ufahamu, tusiwaachie wanafunzi waamini kwamba hayo ni mambo ya mtihani tu. Tuwape hati, fomu na risiti, wazisome herufi kwa herufi. Tuwafundishe kusema kwa adabu: "Mheshimiwa, naomba nisomewe tena. Jina hili si langu." Anayesema hivyo hamchezei hakimu, bali anamsaidia kumjua aliye mbele yake. Haraka haraka haina baraka, nayo methali hii haikutungwa kwa madereva pekee. Yamhusu pia karani anayeandika, na mshtakiwa anayekimbilia kusema "ni kweli".