Kikapu Hakifumwi Bila Ardhi

KWA miaka mingi vitabu vya historia vilifundisha kwamba Mwafrika aliyetekwa na kuvushwa Bahari ya Atlantiki alifika Amerika akiwa na nguvu za mikono yake tu. Kwamba ujuzi na busara ya wazee wake vilizama njiani. Maelezo hayo yaliwafaa sana wenye mashamba, kwani mtu asiye na chochote hawezi kudai kwamba ameporwa. Lakini hayakuwa kweli, na ushahidi ungalipo hadi leo katika kikapu.

Katika pwani ya South Carolina na Georgia, nchini Marekani, wanaishi watu weusi waitwao Wagullah au Wageechee. Wazee wao walitekwa Afrika ya Magharibi na ya Kati, na wengi walishushwa katika bandari ya Charleston. Mabwana wa pwani hiyo walitaka kulima mpunga. Ndiyo maana katika karne ya 18 magazeti ya Charleston yalitangaza minada ya watumwa kwa kujigamba kwamba wametoka katika pwani ya mpunga ya Afrika Magharibi. Basi mnunuzi alijua vyema kwamba ananunua na elimu, ila elimu hiyo hakuitia katika hesabu wala katika historia aliyoiandika.

Mpunga ukishatwangwa hauna budi kupepetwa, na kazi ya ungo msomaji wetu anaijua. Wagullah walitumia chombo kipana cha duara, kilichotengenezwa kwa kuzungusha fungu la nyasi na kulishona, mzunguko juu ya mzunguko, kama wafanyavyo mafundi wa Senegal na Sierra Leone. Ufundi huo uliingia katika mashamba hayo tangu mwisho wa karne ya 17. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilimo cha mpunga kilikufa katika pwani hiyo, lakini kikapu hakikufa. Wanawake wa Mount Pleasant, karibu na Charleston, waliendelea kufuma kwa nyasi za pwani zenye harufu nzuri, wakitumia mpini wa kijiko uliotiwa ncha. Daraja la Mto Cooper lilipofunguliwa mwaka 1929 na magari kuongezeka, walijenga vibanda kando ya barabara kuu na kuwauzia wasafiri.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Watu hawa walitiwa utumwani kwa nguvu, na asili yao hawakuiacha.

Leo ufundi huo unasifiwa sana. Mwaka 2006 jimbo la South Carolina liliutangaza kuwa kazi rasmi ya mikono ya jimbo, na mwaka huo huo Bunge la Marekani liliunda eneo maalumu la urithi wa Wagullah, kutoka North Carolina hadi Florida. Mwaka 2008 mfumaji Mary Jackson alipewa tuzo ya MacArthur. Hayo ni mema na yanastahili pongezi.

Hata hivyo, sifa hazioteshi nyasi. Nyasi hizo huota nyuma ya vilima vya mchanga na kando ya misitu ya pwani, mahali hasa panapotamaniwa na makampuni ya hoteli. Kisiwa cha Hilton Head kilipounganishwa na bara kwa daraja mwaka 1956, viwanja vya gofu na nyumba za matajiri vilifuata, pamoja na malango yenye walinzi. Mfumaji ambaye bibi yake alikata nyasi karibu na nyumbani, leo huzifuata mbali au huzinunua.

Aidha, familia nyingi zilirithishana mashamba bila wosia ulioandikwa. Kampuni iliweza kununua fungu la mrithi mmoja, kisha kuiomba mahakama iuze shamba zima kwa mnada. Ilipofika mwaka 2016 tu ndipo jimbo hilo lilipotunga sheria ya kuwapa warithi wengine nafasi ya kwanza ya kulinunua fungu hilo. Kwa familia zilizokwisha kufukuzwa, sheria hiyo ilichelewa.

Kumsifu fundi huku akizungushiwa uzio nyasi zake ni sawa na kumvika mkulima nishani na kumnyang'anya jembe.

Jambo hili linawahusu walimu na watumishi wa umma wa hapa kwetu pia. Mwalimu anayefundisha ususi hana budi kuufundisha kama elimu yenye historia na hesabu zake, wala asiufanye adhabu ya wanafunzi walioshindwa masomo. Na ofisa anayepima viwanja vya pwani, kabla hajatia sahihi, aulize wasusi wa hapo wanakata wapi ukindu wao. Jibu lake liandikwe katika ramani, maana siku ukindu utakapokwisha, hakuna maonyesho wala jumba la makumbusho litakaloweza kuurudisha.