Televisheni Haikuzaliwa Mwaka 1994

Kila inapofika Novemba 21, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1996 kuwa Siku ya Televisheni Duniani, magazeti yetu na vituo vyetu hurudia hadithi ileile. Tanzania ililala gizani, Mwalimu Nyerere akaizuia televisheni, kisha soko huria likafungua pazia na uhuru ukaingia sebuleni. Hadithi hiyo imekaa vizuri mdomoni, na kwa sababu hiyo imeenea. Lakini ukiishika sentensi moja baada ya nyingine na kuipima, sehemu kubwa yake haisimami. Naichambua hapa kwa sababu watoto wetu wanaisoma kama historia, na ndani yake kuna watu waliofanya kazi kubwa ambao hawatajwi kabisa.

Nianze na dai jepesi: “Televisheni ilianza Tanzania mwaka 1994.” Anayesema hivyo ameifuta Zanzibar kwenye ramani. Televisheni ya Zanzibar (TVZ) ilikuwa hewani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongo miwili kabla ya kituo cha ITV cha Bara, na ilikuwa televisheni ya rangi. Wakati huo Nairobi, iliyokuwa na televisheni tangu 1962, ilikuwa bado inarusha picha za nyeusi na nyeupe. Katika Afrika kusini mwa Sahara, TVZ huhesabiwa kuwa ya kwanza kurusha rangi. Fedha zilitoka kwenye karafuu, ambayo bei yake ilikuwa imepanda, na Serikali ya Mapinduzi ilikuwa na akiba yake ya fedha za kigeni. Mpango ulianza enzi ya Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa Aprili 1972, na matunda yake yakaonekana chini ya Mzee Aboud Jumbe.

Seti ziliwekwa pia mahali pa hadhara, ili asiye na televisheni nyumbani akae na majirani zake aangalie. Wapo watu wazima wa Unguja na Pemba leo ambao utoto wao umejaa picha za kiooni, huku wenzao wa Dodoma na Mwanza wakiwa hawajawahi kuona seti inayowaka. Na mawimbi hayajui mpaka wa bahari: Dar es Salaam, iliyo umbali wa kilomita sabini hivi ng’ambo ya maji, wenye antena ndefu waliipata Zanzibar bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ukisema 1994 unazungumzia Tanzania Bara peke yake. Basi tuseme “Bara”, ni neno fupi.

Dai la pili ni zito zaidi, nami nitakaa nalo kwa muda: “Bara ilichelewa kwa sababu ilikuwa maskini na nyuma ya wenzake.” Kwamba Bara ilikuwa maskini hakuna wa kubisha. Lakini umaskini peke yake haujawahi kueleza nani alipata televisheni na nani hakupata. Uganda ilianza kurusha picha mwaka 1963, mwaka mmoja hivi baada ya uhuru wake, na haikuwa tajiri. Kwa upande mwingine, nchi iliyokuwa na viwanda vingi kuliko zote barani, Afrika Kusini, haikuwa na televisheni hadi Januari 5, 1976. Dkt. Albert Hertzog, waziri wa posta na simu kwa miaka mingi, aliiona ni chombo cha shetani. Hendrik Verwoerd, waziri mkuu, aliilinganisha na bomu la atomiki na gesi ya sumu. Binadamu walipokanyaga mwezini Julai 1969 na dunia ikawatazama moja kwa moja, wenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg walibaki na redio kama mkulima wa Iringa. Umeme walikuwa nao, fedha walikuwa nazo, na hata hivyo walikaa bila televisheni kwa zaidi ya miaka sita mingine. Uamuzi wa kisiasa ndio uliokuwa unashika swichi.

Upande wa Bara, ugumu wa kwanza ulikuwa wa kiufundi, na makala za kumbukumbu huuruka. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu na mstari ulionyooka. Yakikutana na mlima au mviringo wa dunia, yanaishia hapo, hivyo kila baada ya kilomita kadhaa unahitaji mnara mwingine wa kuyapokea na kuyarusha upya. Redio ya masafa mafupi haina shida hiyo: wimbi lake hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbele. Mtambo uliokaa Dar es Salaam uliweza kusikika Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani, bila mnara mmoja katikati. Unguja na Pemba kwa pamoja hazifiki kilomita za mraba 2,700, na mitambo michache inazitosha. Tanzania nzima ni zaidi ya kilomita za mraba 940,000, na wakati ule watu zaidi ya tisa katika kila kumi waliishi vijijini, kusikokuwa na nguzo ya umeme.

Kenya inatupa mfano wa nchi iliyochagua kuanza mapema. Mwaka 1962, kabla hata ya uhuru, kituo cha kwanza cha kurushia matangazo kiliwekwa kwenye nyumba ya shamba huko Limuru, na picha zake zilifika umbali wa maili kumi na tano tu. Hiyo ndiyo televisheni inayotajwa kama ushahidi kwamba Kenya ilitutangulia. Ilitangulia, ndiyo, kuwahudumia walowezi na wakazi wenye uwezo wa Nairobi na vitongoji vyake. Mombasa ilisubiri hadi 1970 kupata kituo chake. Mwananchi wa Turkana aliisikia televisheni kama habari ya mjini, sawasawa na ndugu yake wa Sumbawanga.

Hapo linakuja dai linalopendwa kuliko yote: “Nyerere aliiogopa televisheni, hakutaka wananchi waone dunia.” Wanaolisema wana nusu ya hoja, nami nawapa nusu hiyo waziwazi. Serikali ya Mwalimu ilidhibiti vyombo vya habari. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ya serikali, hakukuwa na redio binafsi ya ndani ya kushindana nayo, na mpinzani hakupewa kipaza sauti. Huo ni ukweli, na haupaswi kufichwa kwa sababu ya mapenzi tuliyo nayo kwa Mwalimu.

Lakini tutazame serikali za zama zile zilizowaogopa wananchi wake zilifanya nini na televisheni. Mobutu Sese Seko aliikumbatia. Taarifa ya habari ya televisheni ya Zaire ilifunguliwa kwa uso wake ukishuka kutoka mawinguni, na mwaka 1974 alilipa fedha nyingi za nchi ili pambano la Muhammad Ali na George Foreman lifanyike Kinshasa, usiku wa manane, lipate kuonekana kwa saa nzuri Marekani. Idi Amin alikuwa na televisheni ya Kampala mkononi mwake. Serikali ya Kenya ilikichukua kituo cha Nairobi mwaka 1964 na kukiita Sauti ya Kenya, na jioni baada ya jioni taarifa ya habari ilianza na rais, alichofungua na aliowapokea. Dikteta wa kawaida wa karne ya ishirini alitaka studio kabla ya hospitali. Kama hofu ndiyo iliyomwongoza Mwalimu, hofu hiyo ilikuwa ya nadra, kwa maana ilimnyima chombo ambacho wenzake wengi walikitumia kujitukuza.

Maelezo yanayolingana na matendo ni mengine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kitu ambacho kingewafikia watumishi wa mijini na kumwacha mkulima kilihesabiwa anasa, na seti za televisheni ziliingia kwenye kundi hilo pamoja na magari ya kifahari. Fedha na watu wakaelekezwa kwenye redio, kwa bidii inayostahili kuheshimiwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu milioni mbili hivi katika vikundi vya kusikiliza. Walikaa chini ya mwembe au darasani na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Hakuna televisheni ya Afrika Mashariki ya miaka hiyo iliyofikia watu wengi kiasi hicho. Mtu anaweza kusema uamuzi ule ulidumu muda mrefu kupita kiasi, na kwamba ilipofika miaka ya 1980 ulikuwa umegeuka mazoea. Nakubaliana naye. Lakini kuuita woga ni kuwanyang’anya akili watu waliofanya hesabu ya nchi yao.

Na tusijidanganye kwamba watu wa Bara walikaa bila kuona kioo hadi 1994. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata na ruksa yake, deki za video zilifurika. Vibanda vya video vikaota Kariakoo, Manzese na miji ya mikoani. Filamu za Kihindi na za karate ziliangaliwa na vijana waliobanana kwenye viti vya mbao, na wenye nafasi wakaweka madishi juu ya mapaa. Kituo cha televisheni kilipofunguliwa, watazamaji walikuwa wamekwisha kuwepo.

Sasa dai la wapenda soko: “Vituo binafsi ndivyo vilivyoleta uhuru wa habari.” Hapa tarehe zenyewe zinajibu. Kenya, kituo cha kwanza kisicho cha serikali kilikuwa KTN, kilichoanza mwaka 1990. Nyuma yake ilikuwepo Kenya Times Media Trust, kampuni ya chama tawala cha KANU, ileile iliyoungana na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, kutaka kujenga ghorofa sitini ndani ya bustani ya Uhuru, mpaka Wangari Maathai akasimama mbele yao mwaka 1989. Kituo “binafsi” kilikuwa mali ya chama. Ni kweli KTN ilikuja na wepesi ambao KBC, shirika la serikali, haikuwa nao, na picha za CNN ilizorusha zilimfundisha mtazamaji wa Nairobi kulinganisha. Lakini kampuni ya gazeti la Nation, iliyotaka leseni tangu mwanzo wa muongo, ilizungushwa kwa miaka, na televisheni yake ikaonekana mwaka 1999. Leseni ilitoka haraka kwa rafiki na polepole kwa asiye rafiki.

Tanzania, Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ilifungua mlango, na mwaka 1994 zikaingia CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi. Sheria hiyohiyo iliweka kufuli ndani ya mlango: kituo binafsi kisivuke robo ya nchi. Mtazamaji wa kijijini, ambaye kwa jina lake mageuzi yalitangazwa, hakuwa sehemu ya hesabu. Televisheni ya Taifa yenyewe, TVT, ilikuja miaka mitano hivi baadaye, kwa hiyo katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, Watanzania wengi waliwafahamu wagombea kwa redio na kwa mikutano ya hadhara.

Na kama kuna anayeamini bado kwamba umiliki binafsi peke yake ni uhuru, atazame Rwanda. Mwaka 1993 lilianzishwa shirika binafsi lenye maneno “redio”, “televisheni” na “huru” katika jina lake. Televisheni haikuanza kamwe. Redio ilianza, ikiwa mikononi mwa watu wa karibu na utawala, na mwaka 1994 ikawatuma majirani kuua majirani.

Limebaki dai la wazee wenzangu wa lugha, kwamba televisheni ilikuja na vya wageni ikadumaza Kiswahili. Vya wageni vilikuwepo, tena vingi, kwa kuwa kipindi kilichokwisha kutengenezwa Marekani au Uingereza kilinunuliwa kwa bei ndogo kuliko gharama ya kurekodi kimoja Nairobi. Lakini wakati uleule vipindi vya Kenya kama Vioja Mahakamani na Vitimbi viliwaketisha Wakenya wa makabila yote mbele ya Kiswahili kisichokuwa cha darasani: Mzee Ojwang’ na lafudhi yake ya Kijaluo, Mama Kayai na ukali wake, mshtakiwa anayejitetea mbele ya hakimu kwa maneno ya sokoni. Kwa Mkenya wa bara aliyefundishwa Kiswahili kama somo la mtihani, vipindi hivyo vilimwonyesha kuwa lugha hii inaweza kuchekesha, kugombana na kutongoza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ITV ikaweka michezo ya kuigiza kama Mambo Hayo, na kutoka kwa waigizaji wa kizazi hicho, pamoja na kundi la maigizo la Kaole, zikatoka sura ambazo muongo uliofuata ziliuza filamu za Kiswahili hadi Bujumbura na Lubumbashi. Wengi wa waigizaji wa Vitimbi walianza kwa malipo madogo, bila mkataba wa maana wa marudio, na kipindi kiliporudiwa mara ya kumi wao hawakupata kitu. Anayetafuta dhuluma katika historia ya televisheni yetu ataipata kwenye karatasi za malipo, mapema zaidi kuliko kwenye lugha.